Faili la GB 6 limeoza katikati na bando limekwisha. Nianze upya au kuna namna?

Steshenari_Mwanga:

Habari za humu wakuu. Niko Kigoma, Mwanga, nina kibanda cha steshenari. Natoa fotokopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, na ukiniletea kompyuta iliyokufa naiangalia. Sijasomea, nimejifunza kwa kuharibu, kwa hiyo mnivumilie nikieleza kirefu.

Kuna kikundi cha vijana mtaani kwetu wanataka kufungua darasa la kompyuta. Wamepata mashine 9 za mezani, mitumba ya ofisini kutoka Dar, zimekuja na treni zimefungwa kwenye magodoro. Zote zina Windows 10, na hiyo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 zinaikataa, hazina TPM 2.0, kile kijichipu cha usalama inachokidai. Nikajifanya mjanja mbele ya kikao: "Tunatoa Windows tunapiga Linux, ni bure." Wakapiga makofi. Basi tangu siku hiyo hiyo bure inanitoa jasho.

Nimejaribu mara tatu.

Ya kwanza nilishusha Ubuntu 24.04, moja ya hizo Linux, kwa brauza. Faili karibu GB 6, bando GB 10. Limefika asilimia 91, umeme ukakatika na modemu ikalala nao. Uliporudi, brauza ikaanza sifuri. Nilikaa nikaitazama ile sifuri kama mtu aliyefika Kibirizi akakuta boti imeshaondoka na mzigo wake.

Ya pili, nikatafuta programu ya kushusha inayoweza kuendelea pale ilipokatikia. Siku tatu nanunua bando la usiku, naamka saa nane kuangalia kama bado inatembea. Likakamilika. Nikaliweka kwenye flashi, nikachomeka, picha ya Ubuntu ikatokea, nikamwita na jirani wa saluni aje aone. Kufika katikati ya kazi: kosa, imesimama. Mashine ya pili hivyo hivyo, mahali palepale. Ya tatu sikujaribu.

Jaribio la tatu, mpwa wangu akaniambia, "Anko, watu wa Linux wanatumia torenti." Akaniwekea qBittorrent, programu ya hizo torenti, akaniwashia, nikalala. Asubuhi nakuta asilimia 34 na bando limekwisha. Nilikuwa na GB 3 na ushee. Safu moja inasema nimepakua GB 2, nyingine inasema nimepakia GB 1.4. Nimempakilia nani? Mimi sina mteja wa usiku.

Sasa naomba msaada. Hii torenti ni kitu halali au nimejiingiza kwenye mambo ya polisi? Nitajuaje kama faili linalotoka kwa watu nisiowajua halina kirusi? Na lile faili bovu la jaribio la pili bado ninalo, limenijazia diski. Nilifute?

kijana_kibirizi:

Anko torenti ni mambo ya muvi za wizi. Umelala, umegawa bando kwa Wabrazili. Pole sana 😂

Isevya_TBR:

Mwangaluka ndugu yangu wa mwisho wa reli. Kabla sijasema lolote: USILIFUTE HILO FAILI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nakujua, hujasoma jibu hili mpaka mwisho na kidole kiko kwenye Delete.

Nianze na polisi ili utulie. Torenti ni njia ya kusafirishia tu, kama hiyo treni iliyokuletea mashine. Mtu akipakia magendo kwenye behewa, reli haiwi haramu, magendo ndiyo haramu. Muvi ya mtu aliyekataza isinakiliwe ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, iwe kwa torenti, kwa flashi au kwa CD za stendi. Linux ni habari nyingine. Linus Torvalds aliianza 1991, na 1992 akaiweka chini ya leseni ya GPL, ambayo inakuruhusu waziwazi kunakili na kumpa mwenzako. Wenye Ubuntu, Debian na Mint, ambazo zote ni Linux, wanaweka mafaili ya torenti kwenye tovuti zao wenyewe. Chukua huko tu, usichukue kwenye zile tovuti zenye picha za wasichana pembeni.

Sasa inavyofanya kazi, nitasema kwa lugha ya kibanda chako. Chukulia kuna kitabu cha kurasa elfu kadhaa. Njia ya brauza ni kwenda kwenye steshenari moja, mtu mmoja akutolee fotokopi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Umeme ukikatika, mambo yamevurugika. Njia ya torenti, iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, ni kwamba kitabu kimechambuliwa kurasa kurasa na kila mtu mtaani ana zake. Wewe unaokota huku ukurasa wa 7, kule wa 2019, bila kufuata mpangilio. Na wakati unaokota, anayehitaji ukurasa wa 7 anakuja kwako. Huyo ndiye mteja wako wa usiku.

Kinachofanya mambo yasiharibike ni muhuri. Lile faili dogo la torenti, lenye KB mia kadhaa tu, halina Ubuntu ndani. Lina orodha ya mihuri, kila kipande na muhuri wake uliopigwa kwa hesabu ya SHA-1. Kipande kikifika, programu inakipigia hesabu upya. Ikilingana na orodha kinapokelewa, isipolingana kinatupwa na kuombwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo hata ukichukua kipande kwa jambazi, hawezi kukuuzia bandia.

Hapo ndipo faili lako bovu linapopata thamani. Programu yako iliunganisha vibaya mahali fulani, pengine pale ulipokatikia usiku mmoja kwenda mwingine. Limeoza sehemu, halijaoza lote. Fanya hivi:

Zima data kabisa kwanza, ili usiwe na presha. Fungua qBittorrent, simamisha ile kazi ya asilimia 34. Nenda kwenye folda inakohifadhi, toa kile kilichoanza kushuka, weka faili lako bovu mahali pake, na ulipe JINA LILELILE, herufi kwa herufi. Rudi kwenye programu, bofya kulia, chagua "Force recheck". Kwenye Transmission, programu nyingine ya torenti, inaitwa "Verify Local Data". Itasoma diski yako kipande kwa kipande na kukagua mihuri. Haili hata KB moja ya bando. Ikimaliza itakuambia una asilimia ngapi nzima. Kisha washa data, itaomba vilivyooza tu.

Angalia tu toleo liwe lilelile. Kama ulishusha 24.04.2 na torenti ni ya 24.04.3, utapata karibu na sifuri na utanitukana bure.

Kuhusu bando la usiku: weka kikomo cha kupakia. Lakini usiandike 0, maana kwa qBittorrent 0 ni "bila kikomo", nahisi mpwa wako ndivyo alivyofanya akidhani amefunga. Andika 5, yaani KB 5 kwa sekunde. Kwa saa nane hiyo ni MB 144 tu. Ukifunga sana na wenyewe wanakubania, kwa sababu programu hizi humpendelea anayetoa. Na iamuru isimame yenyewe ikifika mwisho.

kijana_kibirizi:

Daah. Basi nimefuta kauli. Ila Wabrazili wamefaidi.

Steshenari_Mwanga:

Mwakeye mkuu wa Tabora. Kidole kilikuwa kwenye Delete kweli, umeniona wapi?

Mpwa ameulizwa. Aliandika 0. Ameomba radhi na atafagia kibanda wiki nzima.

Nimefanya ulivyosema jana jioni. Mara ya kwanza ikakagua, kufumba na kufumbua, jibu: asilimia 0. Nikasema huyu mtu wa maembe ananichezea. Nimetoka nje, nimekunywa chai, nimerudi, nikalitazama lile jina tena taratibu. Mwishoni kabla ya .iso kulikuwa na (1). Kwa sababu ya kushusha mara mbili, programu ya kushushia ililiongezea kiduku. Nikaondoa, nikakagua tena, dakika kama kumi diski inakoroma.

Asilimia 99.7.

Mkuu, nilipiga kelele mpaka mteja aliyekuja kuprinti barua ya kuomba kazi akashika mlango. Pale chini kuna ule mstari unaoonyesha vipande, ulikuwa bluu tupu toka mwanzo hadi mwisho, na mahali kama theluthi mbili hivi kuna mchirizi mweupe mwembamba kama uzi. Uzi huo ndio ulionilaza macho siku tatu. Nikawasha data ya simu, ile ya kubakishia WhatsApp, ikaomba MB 18, mchirizi ukapotea. MB 18! Hiyo ni video mbili za harusi.

Kisha nikafanya na lile jambo lingine nililolisoma, kukagua faili zima. Kwenye Windows unafungua lile dirisha jeusi unaandika:

certutil -hashfile ubuntu.iso SHA256

(jina la faili langu ni refu, nimelifupisha hapa). Inakutolea herufi na tarakimu 64. Ubuntu wameandika zao kwenye faili linaloitwa SHA256SUMS. Tulikaa na mpwa, yeye anasoma kwenye simu mimi nafuata kwenye skrini kwa kalamu, kama watu wanaohakiki namba za LUKU. Zote 64 zimelingana.

Swali la kirusi bado hamjanijibu lote lakini. Muhuri unanihakikishia kipande ni kile kilichoandikwa kwenye faili la torenti. Je, kama faili la torenti lenyewe ni la uongo?

Isevya_TBR:

Swali zuri kuliko yote uliyouliza. Muhuri unathibitisha kwamba ulichopata ndicho kilichoorodheshwa, hauthibitishi kwamba orodha ni ya kweli. Ndiyo maana nikasisitiza tovuti rasmi.

Na hata tovuti rasmi iliwahi kuingiliwa. Februari 2016 kuna mtu alivunja tovuti ya Linux Mint akabadilisha viungo, watu waliobofya Mint 17.3 ya Cinnamon siku ile wakapelekwa kwenye faili lenye mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya mdukuzi kuingilia kompyuta yako. Wenye Mint wakatangaza wenyewe, na kwenye tangazo lao wakasema waliotumia torenti hawakuguswa. Aliyebadilisha kiungo cha kushushia hakuweza kubadilisha vipande vilivyoko kwa watu. Lakini usiku ule angeweza vilevile kubadilisha na namba za kukagulia, kama ziko ukurasa uleule. Ndiyo sababu SHA256SUMS huja na saini ya kidijitali, ya GPG, pembeni yake. Kuikagua kuna hatua zake, nikipata nafasi nitaandika uzi wake. Kwa mashine za darasa, hizo namba 64 kutoka tovuti ya Ubuntu zinakutosha.

Mzawa_Ujiji:

Wakuu naomba niseme kitu kitakachowaudhi. Mnamfundisha mtu ubahili. Torenti inaishi kwa sababu kuna watu wanaacha kompyuta zao wazi wagawie wengine. Mtu anachukua GB 6 za watu, anafunga mlango kwa KB 5, na ninyi mnampongeza. Kwetu ukila kwa jirani leo, kesho sahani yako inarudi na kitu.

Steshenari_Mwanga:

Mzee wangu nimekuelewa na neno lako limenigusa, lakini nimeshapakia GB 1.4 bila kujua. Hiyo nadhani ni sahani na kawa lake.

Isevya_TBR:

Mzee Ujiji ana hoja, ila tupime. Wanaobeba hii kazi kwa kiasi kikubwa ni vyuo na watu wenye faiba isiyohesabiwa kwa GB. Sisi wa modemu za laini kila kinachopanda na kinachoshuka kinakatwa kwenye bando lilelile. Tena mitandao ya simu mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo mtu wa nje hawezi kukubishia hodi, mpaka wewe uanze kumwendea. Hata ukiacha wazi usiku kucha unagawa kidogo kwa gharama kubwa.

Mimi nagawa kwa njia nyingine. Nina diski ya nje, ina Debian, Mint, Ubuntu, zote zimekaguliwa. Mtu wa Nzega, Urambo, Kaliua akija Tabora mjini ananakili bure. Sahani imerudi, ila imerudi kwa jirani wa karibu.

Mzawa_Ujiji:

Hilo nimelikubali. Ungelisema mwanzo.

MwlKasulu:

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwalimu wa kompyuta Kasulu, nimepita hii njia mwaka jana na wanafunzi. Niongeze mambo ambayo yatamkuta kaka wa steshenari kesho asubuhi.

Moja, faili lako ni karibu GB 6. Flashi nyingi za dukani huja na mpangilio wa FAT32, na huo haupokei faili moja linalofika GB 4. Itakuambia faili ni kubwa mno hata kama flashi ni ya GB 32 na iko tupu, utadhani umeuziwa feki. Ukitaka kulibeba kama faili, iformati kwa exFAT. Mimi natumia Ventoy: unaiweka kwenye flashi mara moja, kisha unadondosha tu mafaili ya ISO (kama hilo lako la Ubuntu) ndani, hata matano, na mashine ikiwaka inakuuliza unataka lipi. Yenyewe huja na exFAT.

Samahani kwa hili, kaka, najua umelitolea jasho hilo faili. Mashine zako zina RAM kiasi gani? Kama ni GB 4, Ubuntu ya kawaida itatambaa. Sisi tuliishia Linux Mint ya Xfce, ile nyepesi, faili lake ni kama nusu tu ya hilo lako.

Kitu ninachopenda zaidi ni hiki. Wanafunzi wangu wenye laptopu zao walitaka kila mmoja awe na nakala. Niliweka ruta darasani ISIYO na laini ndani, haina intaneti kabisa. Laptopu yangu ikiwa na Mint kamili na qBittorrent imewaka. Nikawapa faili dogo la torenti kwa flashi. Kuna kipengele cha kutafutana wenyewe kwa wenyewe kwenye waifai moja, kwa qBittorrent huwa kimeshawashwa. Wa kwanza akachukua kwangu, wa pili akachukua nusu kwangu nusu kwa wa kwanza. Walipofika kumi na mbili mimi nilikuwa sina kazi, wanapeana. Yule wa dirishani mwenye laptopu nzito kuliko zote alikuwa anamgawia jirani yake vipande ambavyo hata mimi sikuwa nimempa. Watoto walisimama kuangalia zile namba zinavyoruka wakasahau kengele ya chakula. Bando: sifuri.

Tahadhari ndogo: ruta nyingine zimefungwa ili vifaa visionane, hasa ukitumia ile waifai ya wageni. Ikikataa angalia hapo kwanza.

Steshenari_Mwanga:

Mwalimu marahaba, na asante. RAM ni GB 4 zote, isipokuwa mbili zenye GB 2. Kwa hiyo Ubuntu yangu niliyoipigania nitaishia kuitunza kama kombe.

Nimerudi na matokeo. Mint nimeishusha kwa torenti usiku mmoja, kikomo KB 5, ikajifunga yenyewe ilipomaliza. Nimeamka saa moja kama mtu mwingine yeyote. Ventoy nimeiweka, inakubali. Mashine 7 zimepigwa Mint jana na leo, na zinakwenda. Vijana wamenunua soda. Jirani wa saluni nimemwita tena, safari hii hakuniamini, alikuja baada ya kuambiwa mara tatu.

Zile mbili za GB 2 zimekataa. Zinaandika kwamba zinataka prosesa ya x86-64 na zimeona i686 tu. Nimefungua moja, ndani ni Pentium 4, vumbi lake lingetosha kupanda mchicha.

Isevya_TBR:

Hizo ni biti 32. Ubuntu waliacha kutoa mafaili ya kusakinishia kompyuta za mezani za biti 32 tangu toleo la 17.10, na Mint ya kawaida imewafuata. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 nayo imeacha kutoa kisakinishi cha biti 32. Kimbilio lako ni Debian 12, ile ya i386, yaani ya biti 32. Usichukue ile ndogo ya netinst, itakuomba intaneti katikati ya kazi. Chukua DVD ya kwanza, ina kila kitu cha kuanzia, na kwenye kuchagua mazingira weka LXDE au Xfce. Torenti zake zipo kwenye hifadhi ya matoleo ya zamani ya Debian.

Au subiri, ninayo kwenye diski. Ina mihuri yote.

Steshenari_Mwanga:

Kama unayo basi sinunui bando jingine. Kuna kijana wetu anasoma Tabora anarudi nyumbani Ijumaa kwa treni. Nitampa maelekezo akufikie kwa ujumbe wa ndani, atakuwa na flashi ya bluu ya GB 16, imeshaformatiwa exFAT, nimeibandika utepe ulioandikwa MWANGA kwa kalamu ya marka. Kuna Ubuntu yangu ndani yake, nzima, imelingana zote 64. Usiifute, inakili kwanza uweke kwenye diski yako.

Mzawa_Ujiji:

Sahani hiyo.

kijana_kibirizi:

Anko na mimi nina laptopu inakufa. Kesho upo?

Steshenari_Mwanga:

Nipo kuanzia saa mbili. Njoo na chaja yako.